Joto la mjini lilinishinda nikahamia kwenye boti Nyumba ya Mungu

Watu wa Moshi tukisikia likizo ya maji akili zote zinakimbilia Tanga au Zanzibar, tunasahau kabisa kwamba kusini hapo, kama kilomita 50 tu, kuna bwawa la Nyumba ya Mungu, maji mpaka macho yanachoka. Mimi mwenyewe nilikuwa nalijua kwa samaki tu. Sasa Februari hii mji ulikuwa unachemka, asubuhi mlima unauona mweupe kule juu alafu wewe huku chini usiku umelala na kitenge kibichi kifuani, mjomba akaniambia kama shida yako ni pa kulala njoo ulale kwenye boti, haina kazi.

Na kweli haina kazi, mana injini yake iko mjini kwa fundi tangu mwaka jana na kila ukimpigia fundi anasema ndo anatoka kununua spea. Ni boti ya mbao, ndefu, ina turubai juu na mabenchi pembeni, zamani ilikuwa inavusha watu kwenda ng'ambo upande wa Simanjiro. Siku hizi imefungwa kamba kwenye kisiki cha mgunga karibu na mwalo wa wavuvi, upande wa Lang'ata, imetulia tuli. Nikatupa godoro katikati, chandarua nikakining'iniza kwenye fito za turubai (hiki usiache nyumbani, mbu wa kule hawana mswalie Mtume), na sola ndogo ya kuchaji simu. Kabla hujauliza, ndio, viboko wapo, mamba nao wapo, ndo mana mjomba alinipa sheria moja tu, giza likiingia hushuki kwenye boti, ndoo hiyo hapo.

Usiku ni raha sana, upepo wa bwawani unapita chini ya turubai unalala kama mtoto. Ila ikifika saa nne asubuhi ile boti haikaliki. Ukanda wote ule uko chini ya mita 700 kutoka usawa wa bahari na mvua nyingi inaishia upande wa pili wa Milima ya Upare, kwahiyo jua linapiga ardhi kavu na ardhi inakurudishia usoni. Mjini tunalalamika lakini angalau tuna miti na mifereji. Nikajifunza kutoka na mapema, saa kumi na mbili niko njiani, saa tatu na nusu nishatafuta kivuli kwa watu, na kivuli chenyewe ukikaribishwa unakaa mpaka saa kumi jioni. Ndo nilivyovijua hivi vijiji, kwa kukwama kwenye vibaraza vya watu.

Lang'ata Bora nilikaa kwa mama mmoja mwenye bustani. Bustani yenyewe miezi michache nyuma ilikuwa ni maji. Kiangazi bwawa linarudi nyuma na kila linapoacha tope watu wanafuata na majembe, mahindi, maharage, mchicha, matikiti, kila mtu anajua kipande chake ingawa hamna ua wala alama yoyote ambayo mimi niliiona. Nikamwambia shikamoo mama, hivi maji yakirudi kabla hujavuna? Akanijibu marahaba, yakirudi mwanangu yanarudi na samaki, baba yao anaingia majini. Hakusema kama kitu kikubwa, alikuwa anang'oa magugu. Hata boti yetu ilibidi tuisogeze, nilipofika ubao wa kushukia ulikuwa unagusa nchi kavu vizuri, siku zilivyosonga ukawa unaishia kwenye tope, vijana wa mwaloni wakaja kunisukumia wakicheka, "mangi, hili bwawa halimsubiri mtu."

Kirya nilienda na bodaboda, sitaki kuongelea ile barabara. Mibuyu, vumbi, ng'ombe, punda wamebeba madumu ya maji. Kuna mradi mkubwa wa kupeleka maji Same, Mwanga na Korogwe, na maji yanachotwa bwawa hilihili, sasa ukiwaona wale punda unapata maswali ila wenyewe wana majibu yao na si wote wanalalamika, wengine waliniambia hali ya sasa ina afadhali kuliko zamani.

Ng'ambo nilivuka na mtumbwi wa mvuvi mmoja, kijana mdogo ila bwawa analijua. Alinitoa alfajiri mana mchana upepo unaamka na yale mawimbi siyo ya kuchezea, watu wanadhani bwawa ni bwawa tu. Upande ule ni maboma ya Wamasai na mifugo inashuka kunywa, na mavumbi yake yanaonekana kutoka mbali. Yeyo mmoja, yani mama wa Kimasai, alikuwa na maziwa kwenye kibuyu, mgando, una kaharufu ka moshi, nilikunywa mpaka nikaona aibu. Kurudi tukashindwa kwasababu upepo ulishaanza, tukalala chini ya mgunga na mbuzi mpaka jioni. Sijawahi kupumzika vile na nilikuwa na makala ya kazini natakiwa kuituma, mtandao hamna, basi.

Kwenye ukuta wa bwawa nako nilifika, kule kusini kabisa. Ukuta ulijengwa miaka ya 60 kuuzuia Mto Pangani na kuna mtambo wa umeme wa megawati 8, siyo mkubwa, ila faida nyingine ni kwamba bwawa linapanga maji ya kwenda kwenye mitambo ya chini, Hale na Pangani. Ukisimama kule unaelewa vizuri: Kikuletwa inaleta maji ya Meru na Kilimanjaro, Ruvu inaleta ya Ziwa Jipe, yote yanakutana hapo alafu yanatokea upande wa pili kamto kadogo tu, ndo kanaenda hivohivo mpaka baharini Pangani. Nilitegemea kitu cha kutisha. Hakitishi. Nilikaa dakika chache nikarudi, kule hakuna kibaraza cha kukwamia.

Ila kama una asubuhi moja tu nenda Kagongo, mwaloni, mitumbwi ikiwa inarudi. Perege wanamwagwa kwenye turubai bado wanarukaruka, kambale wanatengwa pembeni kwa watu wa kubanika, na wanawake wana makaango yao tayari moto unawaka. Nilikaa kwa mmoja wao muda mrefu. Anapara magamba kwa mikono miwili ya haraka, anatoa utumbo, anachanja mistari mbavuni, chumvi, anawaacha kidogo watoe jasho lao, ndo wanaingia kwenye mafuta, na hawageuzi mpaka povu lipungue. Nikamuuliza kwanini wote wakaangwe hukuhuku, mjini si wangetaka wabichi. Akanitazama. Barafu iko wapi, na jua hili samaki mbichi atafika Moshi au atafika harufu? Sasa ndo nimeelewa kwanini wanatufikia mjini wameshakaangwa, wagumu vile, na nikaacha kulalamika kwamba ni wakavu.

Pale pale mzee mmoja na kijana walikuwa wanabishana. Serikali imewahi kulifunga bwawa lisivuliwe ili samaki wazaliane, mzee anasema hata sasa wafunge tena, makokoro na nyavu za macho madogo zimemaliza vizazi, enzi zao wavuvi walikuja kutoka kila mahali na samaki hawakuisha. Kijana akasema shikamoo yako mzee nishakupa, ila nyie mlikula wakubwa mkatuachia vidogo, leo mnataka tufunge sisi ambao hatujala, bwawa likifungwa wanangu nawalisha tope? Mzee akasema tope linaota mahindi. Kijana akasema kwa mwenye kipande. Hapo mzee akanyamaza kidogo, mana kijana ni wa kuja, kipande hana.

Mimi naona wote wana haki na ndo ubaya wenyewe. Wangeendelea mpaka mchana ila mama akawakata, "mafuta yangu yanaungua nyie mnagombana, nani ananunua?" Nikanunua watano.