Kengele ya Shamba na Umri wa Mzabibu

Katika shamba ninalofanyia kazi, nje kidogo ya mji wa Stellenbosch nchini Afrika Kusini, kuna kengele iliyotundikwa kati ya nguzo mbili nene zilizopakwa chokaa. Kila Jumamosi ya kiangazi maharusi hupigiwa picha chini yake, na karatasi niliyokabidhiwa nilipohamishiwa kwenye chumba cha kuonjea mvinyo inanitaka niwaambie wageni kuwa hiyo ni “kengele ya kihistoria ya shamba”. Wafanyakazi wenzangu wanaiita kwa jina lake, kengele ya watumwa.

Mimi ni mtoto wa Hombolo, Dodoma, kwa hiyo mzabibu si mmea mgeni kwangu. Nyumbani tunavuna mara mbili kwa mwaka, na zabibu zikikosa mnunuzi hukamuliwa zikawa mchuzi, nao mchuzi ukasubiri kwenye matangi huku wakulima wakihesabu madeni. Mazungumzo yote ni bei ya kilo. Sikuwahi kumsikia mtu akiuliza umri wa mzabibu, isipokuwa alipotaka kuung’oa, na ndiyo maana nilipofika huku nilishangaa kukuta watu wanaoutaja umri huo kwa heshima, kama wanavyotaja umri wa bibi yao.

Heshima hiyo yenyewe si ya siku nyingi. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 chama cha ushirika cha KWV, kilichoanzishwa mwaka 1918, ndicho kilichopanga bei ya chini na kununua ziada, ambayo nyingi iliishia kuwa brandi na pombe kali nyingine. Mkulima alilipwa kwa tani, na kwa kuwa mzabibu ukishavuka miaka 20 au 25 huanza kupunguza mazao, hesabu yake ilikuwa nyepesi: ng’oa, panda upya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtaalamu wa mizabibu, Rosa Kruger, alianza kuzunguka mashambani akitafuta mizabibu mikongwe iliyosalimika. Mradi uliotokana na safari zake, Old Vine Project, umekuwa ukitoa tangu mwaka 2018 muhuri unaobandikwa shingoni mwa chupa, unaoonyesha mwaka mizabibu ilipopandwa, mradi tu iwe imefikisha miaka 35.

Kwetu kuna kipande cha Chenin Blanc, zabibu ambazo wazee wa hapa bado wanaziita Steen, kilichopandwa mwaka 1981. Mizabibu yake haikutandazwa kwenye waya. Kila mmoja umesimama peke yake, mfupi, shina limejipinda na magome yake yanabanduka ukiyagusa kwa kidole gumba. Trekta la kuking’oa lilikwisha kuagizwa. Kilichokiokoa si mapenzi, bali kikao kimoja ambapo mtu wa mauzo alionyesha kwamba chupa yenye muhuri ingeuzwa zaidi ya maradufu ya ile isiyo nao. Sina haki ya kuibeza hesabu hiyo, maana mizabibu ipo na mvinyo wake, nakiri, una utamu wa asali na ukali wa limau ambao sijaupata kwingine.

Tatizo langu ni kwamba biashara huokoa urithi ule tu unaoweza kuingia kwenye chupa. Mvinyo wa kwanza wa Rasi ya Tumaini Jema, yaani eneo hili la Afrika Kusini, ulikamuliwa tarehe 2 Februari 1659, na tarehe hiyo wageni wengi huijua kabla sijaitaja. Wasichokijua ni kwamba meli za kwanza kubwa za watumwa zilikuwa zimetia nanga hapo mwaka 1658, yaani wafanyakazi walitangulia mvinyo. Baadaye waliletwa wengine kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia, na walipoachiliwa kabisa tarehe 1 Desemba 1838 wengi wao walibaki mashambani humohumo kwa sababu hawakuwa na ardhi. Ujira wao ukawa pamoja na kopo la mvinyo hafifu mara kadhaa kwa siku, mtindo ulioitwa dop, ambao sheria iliupiga marufuku katika miaka ya 1960 lakini baadhi ya mashamba yaliuendeleza kwa miongo mingine. Madhara yake yanaonekana hadi leo kwa watoto wanaozaliwa wakiwa wameathiriwa na pombe tumboni.

Mama mmoja anayepogoa kile kipande cha 1981 tangu alipokuwa msichana aliniambia, “Mwanangu, baba yangu akiisikia kengele ile alikuwa anajua kopo lake la asubuhi limefika.” Yeye mwenyewe hanywi pombe. Muhuri unautaja mwaka wa mizabibu yake, lakini chupa yenyewe bei yake inazidi ujira wake wa siku nzima.

Nilimwomba meneja tuongeze sentensi moja kuhusu watumwa kwenye ile karatasi ya wageni. Hakukataa, alisema wageni huja kupumzika na kwamba tutaliangalia msimu ujao. Tangu hapo nimekuwa nikiwaeleza wale wanaouliza tu, nikiwa nimesimama nao mlangoni ambapo nguzo zile mbili zinaonekana vizuri. Wengi huishusha glasi, hukaa kimya kidogo, kisha huuliza mambo mengine kwa sauti ya chini.

Mwezi uliopita mgeni mmoja, baada ya kunisikiliza hadi mwisho, alirudi kaunta akanunua makasha mawili. Jioni, tukifunga hesabu, meneja alilitazama daftari la mauzo, akaniuliza kwa furaha ni kitu gani hasa nilichomwambia mtu yule.