Daktari Grenvil, mwenzangu wa kazi

Ukishafanya kazi kliniki ya kifua kikuu, huwezi tena kuitazama La traviata, opera ya mtunzi Verdi, kama watu wengine. Wao wanafuatilia mapenzi, mimi nahesabu pumzi za Violetta, mhusika mkuu anayekufa kwa kifua kikuu.

Niliyoitazama ni ile iliyorekodiwa Salzburg mwaka 2005, Anna Netrebko akiwa Violetta na Rolando Villazón akiwa Alfredo, mpenzi wake. Mwongozaji Willy Decker kaondoa vinara, mapazia na magauni mapana. Kimebaki ukuta mweupe uliopinda, makochi, saa kubwa inayompita mtu kimo, na gauni fupi jekundu. Waalikwa karamuni, hata wanawake, wamevalishwa suti nyeusi za kiume. Yule dada hana pa kujificha.

Halafu kuna mzee. Muziki wa mwanzo haujaisha, tayari yupo na koti lake jeusi, anamtazama tu. Kumbe ndiye Daktari Grenvil! Verdi alimpa mistari michache, mingi ya maana ikiwa mwishoni, lakini Decker kamgeuza Izraili. Nilikereka, nisiseme uongo. Sisi tunaokesha na wagonjwa ndio wa kufanywa watoa roho? Lakini opera hii iliimbwa mara ya kwanza Venice mwaka 1853, na Robert Koch alitangaza kijidudu cha TB mwaka 1882. Dawa ya kukiua ikasubiri hadi miaka ya 1940. Grenvil wa watu angefanya nini? Alikuwa na maneno mazuri, basi.

Maneno yenyewe yako sehemu ya tatu. Anamwambia Violetta ajipe moyo, kupona hakuko mbali. Violetta, ambaye si mjinga, anamjibu kwamba madaktari wameruhusiwa uongo wa huruma. Daktari anaaga, Annina mtumishi anamuuliza pembeni, naye anamnong'oneza: zimebaki saa chache. Hapo nilisimamisha video nikaenda kuchemsha chai. Mazungumzo hayo nayajua, ndugu anakusindikiza hadi mlangoni na sauti zote mbili zinashuka. Tofauti yetu na Grenvil ni dawa: rifampicin na wenzake. Mgonjwa akija mapema, akameza dozi yake ya miezi 6 bila kuruka, namwambia atapona na sijamdanganya. Akija amechelewa, ninamwelewa Grenvil.

Watu hulalamika kwamba mwenye mapafu yaliyoliwa hivyo hawezi kuimba. Ni kweli, kupanda ngazi tu ni kazi. Ila Verdi hakuwa mzembe. Barua ya mzee Germont, baba yake Alfredo, Violetta haiimbi, anaisoma kwa sauti ya kuzungumza, huku violini ikirudia taratibu wimbo wa mapenzi wa sehemu ya kwanza. Akimaliza anasema wamechelewa. Netrebko hapo ananitosha kuliko kwenye noti zote za juu za karamuni, ingawa wanaopenda noti za juu watanigombeza.

Na mwisho wake sidhani kama ulitungwa na mtu asiyewahi kumuuguza mgonjwa wa kifua. Violetta anainuka, anashangaa maumivu yamekoma, nguvu zinarudi, anaona anaishi tena. Kisha anaanguka. Wodini, aliyelala wiki nzima akiamka alfajiri na kuomba uji, ndugu hufurahi. Sisi huwaambia wawapigie simu walio mbali.