Damu iliyokuwa haikatiki baada ya dayalisisi

Baada ya dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, sindano zikishachomolewa kwenye fistula (mshipa wa mkononi uliotengenezwa kwa upasuaji kwa kazi hiyo), wagonjwa wenzangu walibana tundu kwa gozi dakika chache, wakafungwa plasta wakaenda zao. Mimi nilibaki nimebana tu, gozi ya pili imeshalowa. Fizi zilitoka damu kila nilipopiga mswaki, na mapajani palikuwa na alama za damu kuvilia ambazo sikumbuki nilijigonga wapi.

Nilidhani chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba jeraha, zimepungua. Majibu yakaja: idadi ni nzuri tu, ndani ya kiwango cha kawaida cha 150,000 hadi 450,000 kwa kila mikrolita ya damu. Daktari akanieleza kwamba kwa sisi wa figo shida mara nyingi si wingi wa chembe hizo bali utendaji wake. Taka ambazo figo zimeshindwa kutoa huzilegeza, zisinate vizuri kwenye mshipa uliochanika wala zisishikane zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo akasisitiza saa nne za mashine ziwe nne kamili, na akanipunguzia heparini, ile dawa ya kuzuia damu isigande kwenye mirija.

Kisha akanionyesha hemoglobini yangu, kipimo cha wingi wa damu: ilikuwa chini ya gramu 8 kwa desilita. Sikuona inavyohusika, kwa sababu kwangu upungufu wa damu ulimaanisha uchovu na kuhema. Kumbe chembe nyekundu zikiwa za kutosha hupita katikati ya mshipa na kuzisukumia chembe sahani pembeni, kama umati unavyombana mtu ukutani, na huko ukutani ndiko zinakohitajika jeraha likitokea. Nyekundu zikipungua, sahani nazo huelea ovyo, mbali na mahali pa kazi.

Hapo ndipo mtaalamu wa lishe alipoingia. Nilikuwa nachomwa erithropoietini, homoni inayouchochea mwili utengeneze chembe nyekundu, lakini sindano hiyo haiwezi kutengeneza damu kama mwili hauna madini ya chuma, foleti na vitamini B12. Chuma nikawekewa kwa mshipa. Foleti ni vitamini inayoyeyuka kwenye maji, hivyo mashine huondoka na sehemu yake. Nikapewa vidonge, nikawa navimeza baada ya kusafishwa damu, si kabla.

Kilichonichanganya zaidi ni protini. Kabla ya mashine niliambiwa niipunguze, na sasa naambiwa niile: gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, maana kila kipindi cha dayalisisi huondoka na asidi amino, vijenzi vya protini. Kwa kilo zangu 60 ni gramu 60 hadi 72. Ute mweupe wa yai ukawa rafiki yangu, kwa kuwa una protini nzuri na fosforasi kidogo sana, madini ambayo figo mbovu hushindwa kuyatoa, tofauti na kiini. Kuku na samaki nikavigawa kwenye milo yote badala ya kuvirundika usiku, wakati hamu ya kula imeshakwisha.

Akaniuliza pia ninameza nini nje ya dawa za hospitali. Ndugu mmoja alikuwa ameniletea vidonge vya mafuta ya samaki na vya kitunguu saumu, kwa nia njema kabisa. Vyote viwili vinaweza kupunguza kunata kwa chembe sahani. Vikasimamishwa, samaki wa kwenye sahani na kitunguu cha kwenye mchuzi vikabaki. Mgonjwa ambaye shida yake ni fistula kuziba anaweza kushauriwa tofauti, kwa hiyo msinakili orodha yangu.

Hemoglobini ilipovuka 10, muda wa kubana gozi ulikuwa umepungua sana na fizi zimetulia. Ni kipi hasa kilichosaidia siwezi kusema, maana vyote vilibadilishwa karibu wakati mmoja; mimi binafsi naupigia kura upungufu wa damu. Kinachonisumbua sasa ni fosforasi, iliyopanda pamoja na hizo nyama, na vidonge vya kuinasa lazima nivimeze pamoja na chakula chenyewe.