Sauti Mbili Ndani ya Kompyuta Moja

Kompyuta ile ya mezani ilikuwa ikikwaruza asubuhi tu. Ukiiwasha baada ya kulala imezimwa usiku kucha, inanguruma dakika chache, kisha inatulia yenyewe. Baba alikuwa na dawa yake: anaipiga kofi ubavuni, nayo kweli inanyamaza. Siku niliyokaa nayo kutafuta kiini cha mlio, neno langu la kwanza lilikuwa, "Baba, naomba usiipige tena."

Kofi lile lilifanya kazi kwa sababu lilisukuma kidogo mhimili wa feni uliokuwa umelegea. Lakini ndani ya kava hilohilo kuna diski ngumu, yaani ile inayotunza mafaili kwenye sahani zinazozunguka mara 7200 kwa dakika, na vichwa vyake vya kusomea vinaelea juu ya sahani hizo kwa nanomita chache tu. Mtikisiko unaoituliza feni unaweza kuvigonganisha vichwa na sahani.

Kabla ya kugusa bisibisi nilisikiliza kwanza, maana wakati wa mlio hueleza mengi. Mlio wa feni hufuata joto na kasi. Wa diski hubadilika unapofungua mafaili. Mlio mwembamba unaopanda na kushuka picha zinaposogea kwenye skrini aghalabu hutoka kwenye koili, yaani waya zilizoviringwa, za kadi ya video au za pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Huu wetu ulikuja mashine ikiwa baridi, kwa hiyo nilianza kushuku feni.

Nikazima, nikachomoa plagi, nikabonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi hivi ili umeme uliobaki uishe, nikagusa chuma cha kava, ndipo nikafungua ubavu. (Pawa saplai yenyewe haifunguliwi, kapasita zake hutunza umeme wa hatari hata plagi ikiwa nje.) Niliiwasha tena ikiwa wazi, nikaviringisha karatasi ngumu kuwa mrija, ncha moja sikioni, nyingine nikiipitisha karibu na kila sehemu bila kugusa chochote kinachozunguka. Feni ya prosesa ilikuwa safi. Ile ya nyuma ya kava ndiyo iliyokwaruza.

Uthibitisho haukuhitaji kuishika feni kwa kidole. Nilizima, nikachomoa waya wake kwenye madabodi (ubao mkuu), nikawasha kwa muda mfupi. Feni ya kava inaruhusu jaribio hilo. Ya prosesa usiithubutu, prosesa hupanda joto upesi mno. Mkwaruzo ukatoweka. Nilipozima na kusukuma pangaboi kwa mkono, feni iligoma baada ya mzunguko mmoja, na mhimili ulicheza huku na huku. Beringi yake ilikuwa ya bushi, yaani mhimili huzunguka ndani ya mrija wenye mafuta, na mafuta hayo yalikuwa yamekauka. Mabaki ya mafuta huwa mazito kwenye baridi na kulainika yakipata joto, ndiyo maana kelele ilikuwa ya asubuhi. Tone la mafuta mepesi ya mashine chini ya stika ya katikati hurefusha maisha ya feni kama hiyo kwa muda, lakini mhimili uliokwisha kulika haurudi. Tulinunua mpya: milimita 120 ukipima fremu ukingo hadi ukingo, matundu ya skrubu milimita 105 kati kwa kati. Fremu ikiwa na mishale, mmoja huonyesha upepo unakoelekea, mwingine pangaboi linakozungukia. Kwa feni ya nyuma lazima upepo uelekee nje.

Ila feni ilipokuwa imechomolewa, kulisikika kitu kingine kilichokuwa kimefichwa na mkwaruzo: tak, tak, tak, kimya, halafu tena tak. Hapo nilisahau habari ya feni. Mlio huo ni mkono wa diski unaotafuta alama zake kwenye sahani, unazikosa, unarudi kwenye maegesho, unajaribu upya. Si kila mara diski ndiyo mbovu. Umeme usiotosha huleta mlio uleule. Nikabadilisha waya wa umeme na waya wa data. Haikusaidia. Kwenye taarifa za SMART, yaani kumbukumbu za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe, namba 199 ikipanda, waya ndio hushukiwa. Kwetu ilikuwa sifuri. Zilizopanda ni namba 5 na 197, yaani sehemu zilizokwisha kuhamishwa na zile zinazosubiri kwa kuwa hazisomeki.

Watu wengi hufika hapo wakakimbilia chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Nasisitiza: diski inayogonga hairekebishwi, inaokolewa. Programu ile huweza kuisomesha diski kutwa nzima na hata kuiandikia, wakati kila dakika inayozunguka inahesabika. Niliwasha kompyuta kwa mfumo endeshi wa Linux kutoka kwenye flashi, nikaunganisha diski yenye nafasi kubwa kuliko ile mbovu, nikatumia ddrescue, programu ya kunakili data kutoka kwenye diski mbovu. Uzuri wake ni kwamba huchukua kwanza yanayosomeka kwa urahisi, huruka yaliyogoma, huyarudia mwishoni, na huandika ramani ya kazi ili ikikatika iendelee palepale. Kosa la kuogopwa ni kubadilisha diski ya kunakiliwa na ile ya kupokea, kwa hiyo nilihakiki namba za utambulisho (serial) za diski zote mbili kabla ya kubonyeza. Picha za familia zilitoka karibu zote. Mafaili machache yalirudi na matundu.

Mahali pa diski ile tuliweka SSD, ambayo haina kinachozunguka. Baba bado husikia mlio mwembamba picha nzito zinapofunguka. Hizo ni koili za kadi ya video. Hazina madhara, nimeziacha.