Bwawa la Vyura Uani Kwetu

Mvua za Machi mwaka 2016 zilikuwa zimekaribia nilipoamua kuchimba bwawa dogo katika bustani ya nyumba yetu, Walukuba, mjini Jinja. Bonde lililo chini ya mtaa, ambako zamani mafunjo yalisimama marefu kumpita mtu mzima na vyura walilia usiku kucha baada ya kila mvua, lilikuwa limefukiwa kwa kifusi kipande baada ya kipande, likapandwa mayuni na miwa, na hatimaye likajengwa nyumba. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaka serikali iyashike maeneo oevu kwa amana ya wananchi na kuyalinda, na jambo hilo nililifundisha darasani kwa miaka mingi. Lakini ardhi iliyokuwa mikononi mwangu ilikuwa bustani ile tu, nami nilitaka vyura na kereng'ende waliosalia wapate mahali pa kutagia.

Fundi niliyemwita alikuwa mzoefu wa matangi ya saruji. "Mwalimu, tujenge ukuta wa matofali, utadumu," alinishauri. Nilimweleza kwamba chura mchanga au mjusi akitumbukia penye ukuta uliosimama wima hana pa kukanyaga ili atoke, na kwamba saruji mpya huyaharibu maji kwa viumbe wadogo hadi ioshwe na kukaa muda. Tukakubaliana kutumia karatasi nzito nyeusi ya plastiki, ile ambayo wakulima huitandika katika mabwawa ya kuvunia maji ya mvua.

Shimo lilikuwa na urefu wa mita 3, upana wa mita 2, na kina cha sentimita 60 katikati. Upande mmoja tuliuacha ushuke polepole, na pande nyingine tulichonga kidato kwenye kina cha sentimita 20 hivi, kwa ajili ya mimea inayopenda maji haba. Kuchimba udongo ule mwekundu hakukutusumbua sana. Kazi hasa ilikuwa kusawazisha ukingo, kwa sababu ukingo ukiinama upande mmoja, maji humwagikia huko na plastiki ya upande wa pili hubaki wazi ikichomwa na jua mpaka ipasuke. Fundi alijaza maji katika mpira mwembamba unaoonyesha ndani, yeye akashika ncha moja na mimi nyingine, tukauzunguka ukingo wote tukilinganisha usawa wa maji katika ncha mbili, na kila palipozidi tukapapunguza kwa jembe. Sijaona kipimo kilicho rahisi na cha kuaminika kuliko hicho.

Ili kujua ukubwa wa karatasi, tulichukua urefu wa shimo, tukajumlisha kina mara mbili, kisha sentimita 30 za kufukia kila upande, tukafanya vivyo hivyo kwa upana. Tukapata kipande cha mita 4.8 kwa mita 3.8. Kabla ya kuitandika, nilipapasa shimo lote kwa viganja, nikang'oa kila jiwe lenye makali na kila ncha ya mzizi, tukamwaga mchanga laini na kuufunika kwa mablanketi makuukuu. Tulivua viatu ndipo tukashuka kuinyoosha. Maji tuliyatoa kwenye tangi la mvua, kwa kuwa ya bomba yana klorini, na kadiri yalivyopanda ndivyo karatasi ilivyojilaza yenyewe kwenye vidato, sisi tukikunja mikunjo tu.

Mafunjo niliyapanda ndani ya ndoo zilizotobolewa, maana vikonyo vyake vichanga vina ncha zinazoweza kuitoboa plastiki, na yungiyungi nililiweka katikati. Kijana mmoja wa mtaani alitaka kuniletea gugumaji kutoka ziwani kwa sababu ya maua yake ya zambarau. Nilikataa katakata. Mtu aliyeiona miaka ya 1990, jinsi gugu hilo lilivyofunika ghuba na bandari za Ziwa Viktoria hadi mitumbwi ikashindwa kupita, hawezi kulikaribisha kwake. Samaki pia sikuweka, kwa kuwa wangewala viluwiluwi wa vyura. Juu ya maji nilifunga wavu wa chuma wenye matundu mapana, kwa ajili ya usalama wa wajukuu.

Jirani yangu Hajati hakufurahi. Alikuja ugani, akayatazama maji kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, nakuheshimu sana, lakini hapa umetufugia malaria." Hofu yake ilikuwa ya haki, kwani nyumba yake ilikuwa na watoto wadogo, nami sikutaka kuijibu kwa maneno matupu. Nikamwahidi kuyakagua maji kila wiki kwa bakuli jeupe, kwa sababu kwenye joto letu yai la mbu huweza kuwa mbu kamili katika siku 10 hivi, na kuondoa mabuu yoyote nitakayoyakuta.

Miezi ikapita, kereng'ende wakataga, na watoto wao wakaanza kuonekana chini ya majani. Asubuhi moja nilimwomba Hajati aje. Nilikuwa nimechota maji kwenye dimbwi lililokuwa kando ya bomba lake, nikayamimina katika karai jeupe. Mabuu yalikuwa yamelala sambamba na uso wa maji, mlalo unaoyatambulisha mabuu ya mbu wa malaria. Kisha nikamtia mtoto mmoja wa kereng'ende, mdudu wa rangi ya tope, mpana wa kichwa, asiye na haraka. Alitulia chini bila kutikisika. Buu moja lilipomkaribia, mdomo wake wa chini ulichomoka mbele ghafla, ukalinasa na kulirudisha kinywani.

"Subhanallah! Kumbe ana mkono mdomoni?" Hajati akauliza, akainama zaidi. Alisimama pale hadi mabuu yalipopungua, akauliza wanakula mara ngapi kwa siku, na kama vyura nao husaidia. Kisha akauliza lile nililokuwa nikilingoja: maji haya umeyatoa wapi? Nilipomwonyesha bomba lake, hakusema kitu. Jumamosi iliyofuata vijana wake walilifukia dimbwi lile kwa changarawe, wakachimba mfereji wa kuyapeleka maji kwenye migomba.