Alfajiri ile kwenye bomba la wodi

Mi kujiunga na chama cha madaktari Waislamu sikujiunga kwa uchamungu, nisidanganye watu. Nilikuwa nimemaliza intaniship Dar, niko home nasubiri majina ya ajira yatoke, jamaa yangu mmoja akanambia hicho chama kina kambi ya kutibu macho mkoa wa Pwani siku nne, msosi na usafiri juu yao, twende ukashikeshike vitu usije ukasahau hata sindano inashikwaje. Nikaenda. Hiyo ni 2014.

Mwenyekiti wetu ana ugonjwa mmoja, hawezi kufungua kikao bila historia. Usiku wa kwanza tumechoka, vumbi mpaka masikioni, yeye anaanza: 1967 wenzetu Marekani wakaanzisha chama chao, IMANA, 1981 likaja shirikisho la dunia, FIMA, 1988 Uganda wakaanza IMAU, na hao wa Uganda bwana walipoona UKIMWI unamaliza watu hawakukaa hospitali kusubiri, waliwafuata maimamu wakawafundisha, na maimamu wakaenda kufundisha waumini wao nyumba kwa nyumba. Hapo kwenye maimamu alirudia mara mbili. Mi nilikuwa nawaza ubwabwa.

Kesho yake kazi. Watu walianza kufika kabla hata hakujapambazuka, bodaboda moja imepakia vikongwe wawili wameshikana viunoni. Mi nilipewa tochi. Unamulika jicho, ukiona mboni nyeupe kama maji ya mchele unafurahi, huo mtoto wa jicho, daktari bingwa anautoa anaweka lenzi, kwa mkono mzoefu ni kama dakika kumi tu na hashoni hata uzi mmoja. Ila kuna wale unamulika mboni ni nyeusi safi kabisa, haina kitu, na haisinyai ukiweka mwanga. Presha ya macho hiyo, mshipa wa fahamu wa jicho ulishakufa zamani, hakuna cha kupasua. Na hao walikuwa wamepanga foleni masaa nane kama wenzao. Mzee mmoja nilipomwambia alikaa kimya halafu akaniuliza, sasa na huyu jirani yangu nimsubiri au niende? Sikuwa na jibu.

Siku ya pili wakafanyiwa 41. Jioni nikatumwa wodini kutoa maelekezo, nikasimama katikati na koti langu jeupe nikawasomea kama mgambo: usiiname, usibebe ndoo, maji yasiguse jicho, bandeji ataifungua daktari kesho asubuhi, mmeelewa? Tumeelewa daktari. Kuna bibi kitanda cha pembeni alinyoosha mkono, nikamwambia bibi, maswali kesho. Nilikuwa na njaa.

Alfajiri adhana ikanikuta nimelala stoo juu ya maboksi ya dripu. Nikasikia maji yanamwagika nje, nikajua bomba limeachwa wazi, nikatoka. Aisee. Foleni ya wazee kama ishirini hivi, kila mmoja jicho moja limefungwa, wanasubiri bomba, na wa kwanza kabisa ni yule bibi, ameshaibandua plasta kwa kucha upande mmoja, ile bandeji inaning'inia kwenye shavu.

"Bibi, unafanya nini!"

"Natia udhu, mwanangu."

"Si nilisema maji yasiguse?"

"Ndo maana nakitoa kwanza hiki kitambaa, kisilowe."

Akaongeza, tena bila hasira, kwamba jana alitaka kuniuliza hilo hilo nikamwambia kesho.

Kabla sijajibu namwona babu mwingine kainama chini ya mwembe, huyu alisikia vizuri habari ya maji, kaamua kutayamamu, yaani kutumia mchanga badala ya maji ya udhu. Anapiga viganja kwenye mchanga ule ule ambao mbuzi wa mlinzi wanalala halafu anataka kupaka usoni. Nilikimbia sijui hata kandambili moja ilibaki wapi.

Nesi wa thieta akatoka na kelele zangu. Mama wa Kichaga, Mkristo, ndo alikuwa anaiendesha ile thieta kuliko sisi wote. Akaiangalia ile foleni, akaniangalia mimi. "Daktari, si nyie ndo madaktari Waislamu? Sasa hili hamkuwaambia?"

Mpaka leo sijapata tusi zito kama lile na halikuwa tusi.

Mwenyekiti hakunigombeza, alituma tu bodaboda msikitini, swala ilipoisha imamu akaletwa, kijana tu kumbe, na hapo ndo ukaanza mjadala wa kweli pale pale bombani huku jua linakimbilia kutoka. Imamu anasema sehemu isiyo na kidonda ioshwe, juu ya bandeji ipanguswe kwa mkono wenye maji, na kwa madhehebu yetu ya Shafi kuna na kutayamamu pia, tena kwa kuwa bandeji iko usoni kuna habari ya kuja kurudia hizo swala. Daktari bingwa anasema vumbi usoni wiki hii hapana, kidonda kibichi, likiingia jicho limekwenda. Hata udongo wa kuchagua? Hata wa kuchagua. Imamu akafikiri kidogo. Akasema basi madhara yanaondoshwa kwanza, wapanguse, ya kurudia tutayaongea wakipona.

Kisha akamwambia nesi amfunge na yeye. Nesi akamfunga jicho la kulia, plasta na kila kitu, na imamu akatia udhu mbele ya wote taratibu, maji kiganjani kidogo kidogo, jicho zima, shavu, akapangusa juu ya bandeji, halafu akaletewa kiti cha plastiki akaonyesha kuswali umekaa, kwenye sijida kichwa kinashuka kidogo tu. Wazee kimya wanamwangalia kwa jicho moja moja. Nikaenda nikakaa nyuma yao.

Yule bibi tulimsafisha tukamfunga upya, kidonda kilikuwa salama alhamdulillah. Saa tatu daktari bingwa akaanza kufungua. Bibi alipofunguliwa alipepesa, akatazama dirishani, akatazama mikono yake akaigeuza huku na huku, halafu akanitazama mimi niliyekuwa nimeshika trei, muda mrefu.

"We ndo ulikuwa unafoka jana?"

"Ndio bibi. Nisamehe."

"Kumbe katoto," akamwambia mwenzake wa kitanda cha pili. "Njoo uone, kumbe ni katoto!"

Mwenzake akamjibu asubiri, yeye bado hajafunguliwa.