Siku Baba Alipoisoma Ndege Bila Kibao

Baba aliipita ile ndege, akasimama, akarudi nyuma hatua kama tatu. "Mwanangu," akaniita, "hebu njoo. Hii mkia wake uko wapi?"

Sikujua, kwa sababu sikuwahi kuitazama. Nilikuwa nimeshaingia Air Zoo mara tano au sita, yale makumbusho ya ndege yaliyo karibu na uwanja wa Kalamazoo, jimbo la Michigan, na kila mara nilivutwa mkono na mwanangu moja kwa moja hadi kwenye SR-71 nyeusi, ndege ya upelelezi. Alikuwa na miaka minane na kwake ndege nyingine zote zilikuwa za kupita tu. Hata hii ya kijani iliyofifia, iliyokaa sakafuni kwa matairi yake matatu, tulikuwa tunaizunguka kama mtu anavyozunguka meza.

Ilikuwa mwisho wa Aprili 2013. Theluji ilikwisha lakini Baba bado alikuwa anavaa makoti mawili. Alikuwa na miaka 72, na ile ilikuwa safari yake ya kwanza kuja kutuona tangu nihamie Marekani. Kabla sijazaliwa alikuwa fundi wa ndege Embakasi, Nairobi, katika East African Airways. Alizishika Dakota, kisha Fokker Friendship. Shirika lilipovunjika mwaka 1977 akarudi kwao Tanga, na mimi nikazaliwa mwaka uliofuata. Kwa hiyo baba niliyemjua mimi alikuwa wa kibanda cha Ngamiani: pampu za maji, cherehani, baiskeli, jenereta za watu wa harusi. Ndege nilizisikia tu, na mara nyingi kwa mama. Alama pekee nyumbani ilikuwa sanduku la spana la rangi ya bluu, ambalo sisi watoto tulikatazwa kulifungua.

Nikasogea kwenye kibao ili nimsomee. "Usinisomee kwanza," akasema. "Ngoja niiangalie mwenyewe."

Akafunga mikono mgongoni, nadhani ili asishike kitu, akaanza kuizunguka polepole. Nikamfuata. Hapo ndipo nami nilipoanza kuiona. Propela ilikuwa nyuma, mwisho kabisa, mahali ambapo ndege nyingine zina mkia. Mabawa yalikuwa yamerudi nyuma kama ya mbayuwayu. Puani, mbele ya kiti cha rubani, kulikuwa na bawa jingine dogo, jembamba, limekatiza kushoto na kulia. Na mapezi yale yanayosimama wima yalikuwa mawili, kila moja limepandwa mbali kule kwenye bawa lake.

Baba alichuchumaa chini ya injini. Magoti yalilia, nikamshika bega, akanitoa mkono. "Inasukuma," alisema akiwa hukohuko chini. "Haivuti, inasukuma. Kwa hiyo pua iko tupu, unajaza bunduki pale bila kuogopa kuikata propela yako mwenyewe. Na rubani anaona kila kitu mbele. Aliyeichora hii alikuwa na akili." Kisha akanyamaza kidogo. "Lakini ikimharibikia huko juu, anarukaje? Propela inamsubiri mgongoni."

Mzee mmoja wa kujitolea pale makumbusho, amevaa fulana ya kazi, alikuwa amesimama pembeni akitutazama. Nikamtafsiria swali. Akatabasamu, akaonyesha kwa mkono kama mtu anayevuta mpini: ndani kulikuwa na wenzo wa kuiachia propela yenyewe, inang'oka na kuanguka, halafu rubani ndiyo anaruka na mwavuli wake. Sikuhitaji kutafsiri jibu. Baba alikuwa ameshaelewa kutoka kwenye ule mkono. "Ahaa," akasema. "Waliwaza."

Tangu hapo mimi nikawa mtu wa ziada. Kiingereza cha Baba ni cha karakana, maneno ya vyuma na vipimo, na yule mzee hakutaka zaidi ya hicho.

Walifika kwenye ncha ya bawa. Baba akasimama muda mrefu. Akalitazama lile pezi, akatazama sehemu ya bawa inayoendelea kupita pezi, akarudia. Kisha akatoa mkono mmoja mgongoni, akachora mstari hewani bila kugusa. "Hapa pameongezwa. Bawa liliishia hapa. Hiki kipande kimekuja baadaye."

Yule mzee aliposikia, uso wake ulibadilika. Aliniambia kwamba watu wengi huiuliza ndege hii ilienda kasi gani, lakini hilo la bawa hawaoni. Akatueleza yote tukiwa tumesimama palepale, na mengine nimeyasoma mwenyewe tangu siku ile, maana tangu siku ile sikuweza kuiacha.

Inaitwa Curtiss-Wright XP-55 Ascender. Ilitokana na mashindano ya mwaka 1940, jeshi la Marekani lilipotaka ndege ya kivita isiyofuata mazoea. Miundo mitatu ya injini nyuma ilipata nafasi ya kujengwa, XP-54, XP-55 na XP-56, na hakuna hata mmoja uliofika kiwandani kutengenezwa kwa wingi. Ascender zilijengwa tatu tu, St. Louis, Missouri. Ya kwanza iliruka Julai 19, 1943. Ilikimbia mno ardhini kabla ya kukubali kunyanyuka, wakalipanua lile bawa dogo la puani.

Tatizo kubwa lilijitokeza Novemba 15 mwaka uleule. Rubani wa majaribio, Harvey Gray, alikuwa anajaribu kujua ndege inafanya nini ikipunguzwa mwendo hadi hewa ishindwe kulibeba bawa. Ndege ya kawaida ikifika hapo inatetemeka kwanza, inamwonya rubani, halafu inainamisha pua na kuokota mwendo tena. Hii haikuonya. Pua ilipanda, ikapitiliza, ndege ikabinuka ikalala chali, ikaanza kuanguka hivyohivyo, matumbo juu. Injini ikazima. Ilianguka futi 16,000, karibu mita 4,900, na Gray hakuweza kuigeuza. Akaruka. Alisalimika.

Ya pili, hii tuliyosimama mbele yake, ilikuwa tayari imekaribia kukamilika ajali ilipotokea. Iliruka Januari 1944 na marubani wakakatazwa kabisa kukaribia ule mwendo mdogo. Ya tatu ndiyo iliyopewa dawa: ncha za mabawa zikarefushwa, na bawa dogo la puani likaruhusiwa kuinama zaidi. Baadaye hii ya pili nayo ikarekebishwa ifanane nayo. Hicho ndicho kipande alichokiona Baba.

"Na injini?" aliuliza. Yule mzee akamwambia kwamba injini iliyokusudiwa, X-1800 ya Pratt & Whitney, haikukamilika; mradi wake ulifutwa. Badala yake ikawekwa Allison V-1710, silinda 12, nguvu ya farasi 1,275, ileile familia ya injini iliyokuwa kwenye ndege ya kivita P-40. Baba akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Kanzu imekatwa kwa mtu mwingine," alisema, na hilo nililitafsiri mimi.

Nimelifikiria sana neno lile. Ndege hii huandikwa kama kioja, kitu kilichoshindwa, na takwimu zinakubali: ilifika takriban kilomita 628 kwa saa wakati P-51 Mustang, yenye umbo la kawaida tu, ilipita 700, na ndege za jeti zilikuwa mlangoni. Hakukuwa na sababu ya kuendelea nayo. Hilo nalikubali. Lakini P-40 zilitengenezwa zaidi ya 13,700 na kampuni hiyohiyo ya Curtiss-Wright, na ukizitazama huoni mtu yeyote akijiuliza swali. Katika Ascender maswali yote bado yanaonekana. Unaona pale walipokosea na pale waliporudi kurekebisha, kama nguo iliyotolewa upindo.

Baba aliuliza ya tatu iko wapi. Mzee akakunja mikono. Mei 27, 1945, Ujerumani ilikuwa imeshasalimu amri, kulikuwa na maonyesho ya ndege Wright Field, Ohio, ya kuchangisha fedha za vita. Kapteni William Glasgow alipita chini mbele ya watu akaanza kuizungusha. Ikapoteza kimo, ikaanguka. Alikufa yeye na raia waliokuwa chini.

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," Baba alisema. Akavua kofia. Yule mzee hakujua maneno yale lakini aliinamisha kichwa. Baadaye Baba akaniambia, kwa sauti ndogo, kwamba fundi aliyeifungua na kuifunga ndege ile asubuhi yake hakulala tena vizuri maishani. Hakusema amejuaje, na mimi sikumuuliza. Ningependa ningemuuliza. Alifariki 2017.

Ndipo akanigeukia. "Haya, sasa nisomee kibao." Nikakisoma. Alikuwa ameshayaona karibu yote.

Asubuhi ya pili yake nilitoka zamu ya usiku nikawakuta yeye na mjukuu wake jikoni. "Shikamoo Baba." "Marahaba mwanangu, usikanyage," akajibu bila kuinua macho. Sakafu ilikuwa imejaa ndege za karatasi, zote zina bawa kubwa nyuma na dogo mbele, na kibanio cha karatasi kimebanwa puani kama uzito. Mwanangu aliirusha moja kwa upole. Ikanyanyua pua, ikasita, ikabinuka chali, ikaanguka mgongo chini karibu na viatu vyangu.

"Umeona?" Baba alimwambia. "Ndivyo alivyoanguka yule bwana."

Wakakata vipande viwili vidogo kutoka kwenye bahasha ya bili ya umeme. Baba akavipima kwa kidole, kimoja kwa kingine, mpaka vikalingana, akavigundisha kwenye ncha za mabawa. Akaivuta karatasi ya puani iinamie chini kidogo. Akasubiri gundi ikauke, na alisubiri kwelikweli, mtoto akiruka kwa mguu mmoja, na tayari alikuwa amesahau SR-71. Kisha akampa.

Ilisita tena pale katikati ya jikoni, pua ikapanda. Halafu ikainama yenyewe, ikaenda, ikagonga mlango wa jokofu.

"Irudishe," Baba alisema, akinyoosha mkono. "Bawa la kushoto zito."